Pango la Noeli Ndani ya Majani Mabichi

Maneno yalianzia bombani, pale wake za askari wanapopanga foleni ya ndoo. Ilisemwa kwamba kwenye kizuizi cha barabara ya Biharamulo, mzigo wowote uliofungwa kwa majani makavu ya mgomba unachanwa kwa kisu, na mwenye mzigo analala ndani. Sababu ni kahawa. Kahawa ya kutafuna hufungwa kwa maganda makavu ya mgomba, hilo kila mtu wa Karagwe analijua, na mwanzoni mwa mwaka ule wa 1984 magendo yalikuwa yanasakwa hata ndani ya mito ya kulalia.

Immaculata aliyasikia maneno hayo mara moja tu, ndoo ikiwa kichwani. Yakamfuata mpaka jikoni. Alipochambua maharage aliyachambua nayo, akayatupa pamoja na mawe, lakini alipoinjika sufuria yalikuwa yamesharudi yamekaa karibu na moto.

Mume wake, Sajini Melkiory, alikuwa amepata barua ya uhamisho, kutoka kambi ya mpakani karibu na Kaisho kwenda Tabora. Lori la jeshi lingewachukua Ijumaa, wao na mtoto wao Vestina wa miaka sita. Vitanda havikumsumbua Immaculata. Masufuria hayakumsumbua. Kilichomnyima raha ni pango la Noeli, zile sanamu za kuzaliwa kwa Yesu.

Mnisikilize vizuri, maana huyu mama alikuwa amehamishwa mara tatu, na mara zote tatu Noeli yake haikufika. Safari ya kwanza, nyota ilikaliwa na cherehani. Ya pili, kuku waliwekwa pamoja na nyasi za pango, wakala nyasi, halafu wakamdonoa mchungaji mpaka kichwa kikatoka. Ya tatu, sanduku zima lilisahaulika juu ya lori, likaenda Songea peke yake kama askari mwenye likizo.

Na pango la safari hii halikuwa la kuchezea. Lilifinyangwa na Mukantabana, bibi mfinyanzi aliyehamia Kaisho kutoka Rwanda tangu zamani, ambaye shamba lake lilipakana na kambi. Alikuwa amemfinyangia Immaculata Bikira Maria, Yosefu, Mtoto, wachungaji wawili, na ng'ombe. Huyo ng'ombe ndiye aliyewaleta watu mlangoni wakati wa Noeli. Alikuwa na pembe ndefu kama ng'ombe wanaochungwa kule Kaisho, zimepanda juu na kutanuka kushinda mikono ya Yosefu. Watu walimsalimia ng'ombe kwanza, Familia Takatifu baadaye.

Jumatano Mukantabana alikuja mwenyewe kufunga. Kila sanamu aliizungushia majani makavu, tena mengi, akaibana kwa kamba za mgomba, akazipanga zote ndani ya tenga.

"Hawa sikuwachoma," alisema. "Moto ungepasua pembe. Ni jua tu limewakausha. Usiwaonyeshe maji, hata ya machozi."

"Sitalia, mama."

"Wewe? Wewe unalia hata chumvi ikimwagika."

"Safari hii watafika wazima, mama. Nakuapia."

"Usiniapie, mwanangu. Wafikishe."

Basi, kama mambo yangeishia hapo, mimi nisingekuwa na la kuandika. Lakini Alhamisi akaja jirani, Felicitas, mke wa koplo, kuaga. Akaliangalia tenga. Akalizunguka.

"Dada Imma, utapita kizuizini na hivi?"

"Kwani vina nini?"

"Havina kitu. Ila kwa macho ya mtu mwingine, hii ni kahawa ya kutafuna. Tena ya kutafunwa na majitu."

Immaculata akakaa chini. Akamwona Yosefu amepasuliwa tumbo kwa kisu. Akamwona Melkiory amevuliwa cheo kwa ajili ya ng'ombe wa udongo.

"Sasa nifanyeje?"

"Funga kwa majani mabichi. Kitu kilichofungwa kwa majani mabichi ni chakula. Nani anakamata chakula?"

Ni akili kweli, ukiisikia haraka. Ijumaa alfajiri Immaculata alikata majani mabichi ya mgomba, akayababua motoni kidogo yalainike yasipasuke, kama anayeandaa kufunga ndizi za sherehe. Akafungua kazi yote ya Mukantabana, akafunga upya. Nafasi zilizobaki akazijaza zile karatasi nyekundu za kukunjakunja zilizokuwa zimepamba dirisha. Kila kifurushi kikang'aa kijani. Hakumwambia mume wake, maana alijua angecheka.

Melkiory naye alikuwa na mapambo yake. Kwa mwaka mzima aliokota globu zilizoungua kwenye kambi, akazipaka rangi ya dhahabu zining'inizwe kwenye mti wa Noeli. Alizifunga kwa kuzitumbukiza kwenye soksi zake za jeshi, moja moja.

"Baba Vestina, globu ndani ya soksi? Hazifiki hata Bweranyange hapo jirani."

"Soksi hizi zimebeba miguu yangu vitani na haikuvunjika. Globu ndiyo nini?"

Wakaondoka. Turubai lilifunika mizigo, jua likawaka juu ya turubai, na chini yake tenga likakaa katika joto la chungu kilichofunikwa. Siku ya kwanza lori liliharibika, wakalala njiani. Siku ya pili, mchana, wakafika kizuizini.

Mbele yao alikuwapo mama mmoja na baiskeli, amebeba mayai, yote yamefungwa kwa majani makavu ya mgomba. Mgambo akampungia mkono apite. Hakumwangalia mara mbili. Immaculata aliliona hilo, akageuka kulitazama turubai.

Mgambo alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye kofia iliyombana. Akafunua turubai. Akanusa.

"Mama, hizi ni ndizi umepika?"

"Hapana. Ni vitu vya dini."

"Vya dini vinafungwa kama chakula cha harusi? Mama, sisi hapa hatujala tangu asubuhi. Kifurushi kimoja tu hakikupunguzii kitu."

"Baba, nakuomba usiguse."

Alikuwa ameshagusa. Alichukua kifurushi kimoja, akakiminya kwa vidole vyote vitano, uso ukamchanua.

"Laini! Hizi zimeiva kabisa!"

Hapo ndipo Immaculata aliposhika mdomo. Siku ya Ijumaa sanamu zilikuwa ngumu kama jiwe la kusagia. Majani mabichi yalikuwa yametoa jasho siku mbili mfululizo, na udongo ulikuwa umelinywa lote.

Mgambo akafungua. Mchungaji akamtazama, ana alama za vidole kiunoni. Mgambo akavua kofia.

"Mama... nimemminya nani?"

"Mchungaji."

"Wa Noeli?"

"Wa Noeli."

"Nisamehe, mchungaji," mgambo alisema, akamrudisha ndani ya jani taratibu kama anayemlaza mtoto.

Melkiory alikuwa ameshuka mbele, kaegemea mlango wa lori, anacheka mpaka mabega yanaruka. Immaculata hakumjali. Alitaka jibu moja.

"Baba, si mnachana mizigo yote ya majani makavu?"

"Sisi? Karagwe nzima inafunga kwa majani makavu! Tungeichana yote, tungeenda nyumbani lini?"

Tabora walifika siku ya nne. Immaculata alilifungua tenga sakafuni, katika nyumba ambayo bado ilinuka dawa ya kunguni ya waliohama. Hapakuwa na sanamu sita. Palikuwa na bonge moja. Yosefu alikuwa ameungana mgongo na mchungaji wa pili. Bikira Maria alikuwa mwekundu kuanzia kichwani mpaka miguuni, maana karatasi zilichuja rangi. Pembe zilikuwa zimelala, zimemzunguka ng'ombe shingoni kama skafu. Mtoto hakuonekana.

Melkiory akachuchumaa, akageuza bonge, akachungulia chini.

"Mama Vestina," alisema kwa sauti ya upole kabisa, "ng'ombe wako amezaa."

Mtoto alikuwa amenata chini ya tumbo la ng'ombe. Immaculata akapiga ishara ya msalaba, akacheka bila kutaka, halafu kicheko kikageuka kilio. Melkiory akalivuta tenga mbali, mke wake asije akalilowesha zaidi. Globu zake, zote kumi na moja, zilitoka kwenye soksi bila hata mkwaruzo. Kwa heshima ya mke wake, hakujisifu. Alizipanga tu dirishani, zikawa zinasema zenyewe.

Udongo ulikuwa bado laini, kwa hiyo Immaculata akajaribu. Siku tatu alikaa kibarazani akiwatenganisha. Yosefu alirudi, ingawa kitambi kilimbakia. Mtoto alirudi. Lakini pembe zilimshinda. Kila alipoziinua zilianguka, mpaka mwishoni akazikata fupi, zikakauka hivyo. Jirani mpya aliyekuja kukaribisha wageni aliuliza, "Huyu mbuzi mmemnunua wapi?"

"Ni ng'ombe. Wa Kaisho."

"Ng'ombe wa Kaisho ndio hawa?"

Immaculata akamgeuza ng'ombe uso ukutani. Mikono iliyozijua pembe zile ilikuwa ya Mukantabana, kule Kaisho, na ndiye Immaculata aliyemwapia.

Mwezi wa nne ikaja barua kutoka kwa Felicitas. Naye mume wake amehamishwa. Naye Mukantabana amemfinyangia pango, na ng'ombe wake ana pembe ndefu kushinda wa kwanza. Aliuliza kama ile akili ya majani mabichi ilisaidia.

Immaculata alichana karatasi kwenye daftari la Vestina saa ile ile, hata salamu hakumaliza. Aliandika kwamba barua hii asomewe pia Mukantabana, tena asomewe yote, na sehemu ya pembe isirukwe. Aliandika kwamba anaomba radhi, na kwamba angemjia kupiga magoti kama Tabora ingekuwa jirani. Halafu akaandika haya, akayapigia mstari chini:

Usifunge udongo ambao haujachomwa kwa majani mabichi. Hata kama umeyababua. Hata kama unaogopa.

Usifungue mzigo uliofungwa na aliyekitengeneza kitu chenyewe.

Usiweke karatasi za rangi karibu na kitu chochote kinachoweza kulowa.

Usifunge pembe pamoja na mwili. Mwambie bibi akutengenezee za kuchomeka, uzibebe mkononi.

Usifunge kitu kikafanana na chakula. Watu wana njaa njiani.

Usiweke tenga chini ya turubai wakati wa jua.

Usicheke soksi. Lakini usitumie ambazo hazijafuliwa.

Usisikilize maneno ya bombani kabla hujamuuliza mtu aliyepita njia hiyo wiki hiyo.

Usimfiche mume wako ulivyofunga. Acha acheke mapema.

Ukifika, usifungue mbele ya wageni. Fungua kwanza peke yako, mlango ukiwa umefungwa.