Mabuti ya Mzee Kandambili

Mimi nina hasira za karibu, mtaa mzima unajua. Lakini siku ya kumzika baba, hata malaika angetukana.

Jeshi lilimchukua mochwari bila kutuuliza. Walipomleta sebuleni kwetu alikuwa ndani ya jeneza, kavalishwa sare iliyonyooshwa pasi, na miguuni mabuti meusi yanang'aa. Mabuti! Baba yangu! Mtu aliyeitwa Mzee Kandambili na kila mtu, hadi wakwe zake, kwa sababu tangu atoke vitani mguu wake wa kushoto haukuvumilia kiatu cha kufunika. Bomu la ardhini lilikula vidole vyote, akabaki na kigutu na kidonda kisichosikia dawa. Harusini kwangu alinisindikiza kwa suti na kandambili za bluu. Nilitaka ardhi inimeze, na yeye anatabasamu utadhani bwana harusi ndiye yeye.

Kwa mguu huohuo alitupeleka shule, mdogo wangu mgongoni, mimi mkononi, mama akiwa zamu kiwandani. Alitupikia uji, akatufulia, akatusuka nywele. Alisuka vibaya jamani, mistari inakwenda upande, lakini ole wako ucheke. Alipoomba jeshi limtibu, walimwambia labda aliumia nyumbani. Akarudi tena na tena, mwisho wakamfungia geti.

Basi afande mmoja mwenye kitambi akasimama kando ya jeneza, akakohoa, akasoma: "Marehemu alipigana kishujaa, akarejea kwa familia yake salama salimini, bila hata mkwaruzo."

Damu ikanichemka. "Bila nini?"

Mjomba akanivuta gauni. "Mwanangu, meza tu. Watu wanaangalia."

"Waangalie!"

Maana wakishafunga lile jeneza, basi. Wanangu wangekua wakiamini babu yao alichechemea kwa madaha. Nikapiga magoti, nikaanza kulegeza kamba za buti la kushoto.

"Dada, inuka," afande akasema. "Unavunja heshima ya jeshi."

"Heshima gani? Niondokee hapa!"

Nikavuta. Buti likatoka kirahisi, halafu yakaanguka magazeti. Yalikuwa yamefinyangwa na kusokomezwa mbele, mahali pa vidole, ili buti lisibonyee. Kwa hiyo waliomvalisha walikiona kile kigutu. Walikiona kwa macho yao, wakaenda kutafuta magazeti. Washenzi wakubwa.

Mama, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua mdomo, akaja akaushika mguu ule kwa mikono miwili, taratibu, kama alivyozoea kuushika akiuosha. Kisha akamtazama afande.

"Njoo, baba. Njoo ushike."

"Mama, tafadhali, ratiba..."

"Nimesema njoo! Mume wangu aliwabembeleza mumtazame mguu huu, mkamfukuza kama mwizi. Leo hatoki mtu hapa, na hazikwi mtu, mpaka umeushika."

Afande akageuka kuwatafuta askari wake. Wote walikuwa wanatazama sakafu. Mjomba wangu, yuleyule wa "meza tu", alikuwa amesimama mlangoni, ameuegemea.

Afande akavua kofia, akasogea, akaushika. Tukamwacha aendelee kuushika, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia inatosha.