Redio ya Mama Mkwe

Waya wa kwanza wa spika ulikatwa na trekta la miwa siku ya Jumatatu. Wa pili niliuinua juu ya mti mrefu niliousimika, na Jumatano lori lililojazwa kupita kiasi likauvuta pamoja na mti wenyewe. Barabara ya Muhoroni ni ya miwa kwanza, watu baadaye. Kanisa liko upande huu, nyumba ya shemeji yangu Walter upande ule, na katikati hakuna waya unaodumu.

Jumamosi Dorca, binti ya Walter, alikuwa anaolewa. Mama yake alifariki Dorca akiwa mchanga, akalelewa na nyanya yake, ambaye ni mama mkwe wangu. Sasa mama mkwe alikuwa kitandani kwa Walter mwezi wa nne, upande mmoja wa mwili umekufa, na habebeki hata kufika mlangoni. Aliomba kitu kimoja tu: asikie Dorca akiapa. Hakutaka kusimuliwa jioni. Alitaka kusikia kwa masikio yake.

Mimi ni fundi wa redio. Kibanda changu kiko Kaloleni, Kisumu. Shule niliacha darasa la sita na sijawahi kuililia. Alhamisi nilirudi kibandani nikatengeneza kituo kidogo cha FM: transista mbili, koili niliyoizungusha kwenye bomba la kalamu, betri ya volti tisa, na waya mfupi wa antena. Kinachukua sauti kutoka kwa amplifaya ya kanisa na kuirusha hatua mia moja hivi. Nilikiweka kwenye masafa ya tisini na mbili. Hapo FM ilikuwa tupu, ukifungua unasikia mvumo tu.

Ijumaa, alfajiri, tulijaribu. Katekista alihesabu moja hadi kumi kwenye mikrofoni. Mimi nilisimama nje ya dirisha la chumba cha Mama, nimeupa ukuta mgongo. Kwetu mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe wake. Sijui sababu na sijawahi kuuliza. Walter ndiye aliyekuwa ndani, akizungusha kifundo cha redio huku nikimwelekeza. Hesabu ya katekista ikaja safi.

"Sasa ipigilie ukutani," nilimwambia, "na kifundo ukitie gundi."

"Gundi tena?"

"Watoto wa hapa wataitafutia rumba. Wewe tia."

Hilo lilikuwa kosa langu. Koili ya namna hiyo ikipata joto, kituo kinahama. Nilijua, na bado nilikipima kwenye baridi ya alfajiri na kukiacha kwenye dirisha la kanisa, chini ya bati.

Jumamosi saa tano bi arusi aliingia. Nyimbo zilikuwa hazijaisha nilipomwona Nasambu, jirani aliyekuwa akipika kwa Walter, akivuka barabara mbio na mwiko mkononi. Akaja hadi dirishani nilipokuwa nimesimama, kando ya kituo changu.

"Baba Milka, redio inakoroma."

"Zungusha kifundo kidogo."

"Nimezungusha. Hiki hapa." Akafungua kiganja, na kifundo kilikuwa ndani yake.

"Mama anasemaje?"

"Anauliza kama wewe ndiye yule fundi tuliyeambiwa."

Koleo lilikuwa mfukoni. Ningevuka, niingie, nifungue ile redio, na kwa dakika mbili mambo yaishe. Hakuna ambaye angeniona ila Nasambu. Lakini Mama angejifunika uso shuka, na siku yake ingekuwa imeharibika kuliko kukosa kiapo. Redio ilikuwa haihamiki. Basi ilibidi kituo ndicho kihame.

"Rudi," nilimwambia Nasambu. "Simama pale kwenye kona ya nyumba, karibu na dirisha la Mama, nikuone. Ukimsikia mchungaji inua leso. Akipotea, shusha."

Nilichukua njiti ya kiberiti nikaanza kuachanisha mizunguko ya koili, unywele kwa unywele. Leso haikuinuka. Nikaachanisha tena. Ikainuka. Nikaondoa mkono, ikashuka. Nikarudisha mkono, ikainuka.

Mwili wa mtu nao unavuta masafa. Dawa yake naijua: unagusa, unatoa mkono, unasubiri, unarudia. Inataka dakika kumi. Nyuma yangu mchungaji alikuwa ameshamgeukia Laban, bwana arusi. Nikauacha mkono pale pale, vidole viwili juu ya koili bila kuigusa.

Mke wangu Benta alinivuta shati. "Unatazama nini nje? Geuka, mtoto anaapa."

"Niache."

"Watu wanakuona."

"Waone."

Bega lilianza kuwaka. Jasho liliingia jichoni na sikuthubutu kulipangusa. Mchungaji alipotaja jina la Dorca, trekta likaja na matrela matatu ya miwa, likapita polepole, likaifunika nyumba yote ya Walter. Nilimsikia Dorca nyuma yangu akisema maneno yake. Kama yalivuka barabara, sikujua. Trela la mwisho lilipopita, pale konani hapakuwa na leso wala Nasambu.

Niliacha kila kitu nikavuka. Sikumbuki kutazama magari. Nilifika chini ya dirisha nikasimama, mgongo ukutani. Ndani kimya.

"Nasambu," niliita.

"Ngoja, Baba Milka. Namkalisha. Ameniita nimwinue, amesema hawezi kusikia kiapo akiwa amelala."

Kitanda kililia. Kisha Mama mwenyewe: "Baba Milka, uko hapo?"

"Niko, Mama."

"Umemwona amevaaje?"

"Sijamwona. Nilikuwa nimetazama huku."

"Wakati wote?"

"Wakati wote."

"Basi kaa chini."

Nikakaa kwenye msingi wa nyumba. Vidole vyangu bado vilikuwa vimepinda, havitaki kunyooka.

"Alianza na sauti ndogo," Mama alisema. "Kama mtu ameshikwa na kitu asichokijua. Halafu akasahau jina la pili la mume wake, watu wakacheka, na yeye akacheka. Umesikia hapo?"

"Sikusikia vizuri."

"Nilijua. Baada ya hapo sauti ikawa yake."

Trekta jingine lilikuja. Mama alingoja lipite lote, kisha akaendelea.