Diski Juu ya Uchanja

Ilikuwa imelala katikati ya dagaa, nyeusi, ya mraba, kama samaki wa aina ambayo ziwa letu halijawahi kuzaa. Jua la saa sita lilikuwa limeishika sawasawa. Mabukwe, mama wa mke wangu, aliinama juu ya uchanja, kanga kiunoni, akigeuza dagaa kwa viganja viwili, na alipoifikia ile diski akaigeuza nayo, polepole, tumbo juu. Kisha akaipangusa kwa ncha ya kanga.

"Nimeigeuza mara tatu tangu jana," alisema bila kunitazama. "Upande huu umeshakauka."

"Asante, Mama," nikasema.

Nafundisha hesabu na kompyuta shule ya sekondari. Nina stashahada, iko kwenye fremu ukutani, imepinda kidogo. Na somo la pili kabisa la kidato cha kwanza, kabla mtoto hajagusa kitufe chochote, ni kwamba kifaa hakiachwi juani. Nimelifundisha somo hilo miaka kumi na tisa. Siku ile, pale Katonga, nilisimama pembeni ya ua nikalitazama jua likifanya kazi yake, nikasema asante, nikaondoka.

Watu wanaonijua hawaamini. Mdomo wangu unafahamika kutoka Mwandiga mpaka Ujiji. Jumamosi nasherehesha harusi, na wapo waliowahi kutoka nje ya ukumbi kwa kucheka ili wasiaibike mbele ya wakwe zao. Lakini mbele ya mabukwe, yaani mama mkwe kwa sisi Waha, mdomo huo haufanyi kazi. Nimelelewa kwamba mabukwe hataniwi, hakosolewi, hukai naye mkeka mmoja, na mkikutana kwenye kijia chembamba wewe ndiye unayeingia majanini, hata kama kuna upupu. Jina lake nalijua. Silitaji hata hapa.

Verediana, mke wangu, ndiye alikuwa njia yetu. Nikitaka kumwambia mama yake kitu, namwambia yeye. Mama akitaka kunijibu, anamwambia yeye. Na wote watatu tuko ua mmoja, hatua tano kati yetu. "Jamani, mnanichosha," alikuwa anasema. "Siku nikifa mtaongea kwa barua?"

Alifariki akiwa na miaka thelathini na nane. Ugonjwa wa damu, miezi saba tu. Mtoto Mungu hakutupa. Tulipoondoa matanga, vitu vyake vikaingia kwenye sanduku la bati: vitenge, Biblia, mkoba wake wa kahawia. Nikampelekea mama yake, maana ndivyo ilivyo. Sikukagua ule mkoba. Sikuwa na uwezo wa kuufungua. Nikabaki na mabukwe na salamu: mwakeye asubuhi, halafu kimya.

Ndani ya mkoba ilikuwamo diski. Na ndani ya diski ilikuwamo video moja ya dakika kumi na moja, ambamo Verediana anazungumza.

Niseme wazi, kwa sababu nimekwisha kuulizwa na watu wenye akili zao. Ndiyo, ilikuwa nakala pekee. Simu yake ilijaa, akahamishia kila kitu kwenye diski yangu ya zamani ya kazi, simu ikaja kuharibika. Mimi ninayewafokea wanafunzi, "Nakala! Nakala! Nakala!" sikuwa na nakala. Kwenye picha tunazo sura zake mia. Sauti ilikuwa hiyo moja. Kwenye video ile anamwigiza mama yake akigomba, na anaigiza vizuri mno, mpaka kamera inatikisika kwa kicheko changu. Ndiyo maana sikuwahi kumwonyesha mabukwe. Utamwonyeshaje mama mkwe jinsi anavyochekwa?

Halafu ziwa likapanda. Halikuja kwa kishindo. Lilikuwa linasogea kila siku hatua moja, kama mgeni anayevuta kigoda chake karibu na chungu. Likala ufukwe, likala choo cha jirani, na alfajiri moja mabukwe akashusha miguu kitandani akakanyaga maji. Alikuwa na magunia manne ya dagaa kwenye kona, mtaji wake wote. Akayaacha. Akavuta sanduku la bati.

Alipolifungua lilikuwa limejaa maji. Basi akafanya alichofanya maisha yake yote kwa kila kitu kilichotoka majini: akaanika. Vitenge kwenye kamba, Biblia juu ya jiwe imefunguliwa kurasa, na diski kwenye uchanja, katikati ya dagaa wachache waliosalia, mahali ambapo jua na upepo vinapita juu na chini. Kwa watu wa Katonga hakuna huduma ya kwanza inayopita hiyo. Kitu kilicholowa kikiachwa kinaoza. Kikianikwa kinaishi mwaka.

Siku ya tatu akanikabidhi, imefungwa kwenye kipande cha kanga. "Mwalimu," aliniambia, "najua sauti yake imo humo. Aliwahi kuniambia. Nataka niisikie kabla sijafa."

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kunipa.

Nyumbani nikaichomeka kwenye kompyuta. Ikatoa sauti kama kucha inayokwaruza sufuria. Nikaichomoa haraka.

Wa kwanza niliyemwendea alikuwa Feliksi, fundi wa simu pale Mwanga, rafiki yangu, tunataniana tangu utoto. Meza yake ilikuwa na bisibisi, nusu ya chapati, na feni inayosukuma vumbi lote la barabarani juu ya vifaa vya watu.

"Lete, bwana. Nafungua, napuliza, nafunga."

"Feliksi, umewahi kushindwa na kazi kama hii?"

"Mimi? Nishindwe? Mwalimu, unanijua."

Namjua. Nikaifunga tena kwenye kanga.

Wa pili nilimpata mtandaoni, tangazo lenye nyota nyingi. Nikampigia, nikamuuliza swali lilelile. "Sisi hatujashindwa hata siku moja, mteja," akasema, na kabla sijavuta pumzi akaniuliza natuma lini.

Wa tatu ilikuwa kampuni ndogo ya Dar es Salaam, ambayo namba yake mwalimu mwenzangu alipewa na shemeji yake. Akapokea mtu mwenye sauti ya taratibu, akajitambulisha anaitwa Mwinshehe.

"Mmewahi kushindwa?"

"Wiki hii? Mara mbili," akasema. "Na leo ni Jumatano."

Nikakaa chini. Nikamwambia nina diski iliyoingia maji ya ziwa.

"Sawa. Sikiliza vizuri, mzee wangu. Usiikaushe. Iache na unyevu wake, ifunge kwenye mfuko wa plastiki, uilete hivyohivyo. Ikikauka, uchafu wa maji unagandia kwenye sahani za ndani, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu."

Nikakitazama kile kipande cha kanga mezani.

"Haloo?"

"Imeshakauka."

"Imekaukaje?"

"Juani. Siku tatu. Kwenye uchanja, na dagaa."

"Dagaa wa Kigoma?"

"Haohao."

"Wazuri hao," akasema, kwa upole, kama mtu anayekupa pole msibani kwa kusifia chakula. Halafu: "Iliwashwa baada ya hapo?"

"Mara moja."

"Isiwashwe tena. Na asikudanganye mtu akaifungua mezani. Diski hii ina nafasi moja, na mimi siwezi kukuahidi hiyo moja."

Nilimchagua kwa sababu hiyo. Wengine wawili walinipa matumaini. Huyu alinipa heshima. Akanitumia fomu. Pameandikwa: eleza yote yaliyokipata kifaa, ukweli unamsaidia fundi. Nikaandika yote, maji, jua, kuwasha. Hapakuwa na sehemu ya kuandika kwamba siku ya pili kulikuwa na mtu mwenye stashahada amesimama hatua tano, anaona. Nikaipeleka kituo cha mabasi asubuhi, nikaangalia mpaka basi likapotea kwenye kilima.

Siku tatu baadaye Mwinshehe akapiga. "Mzigo umefika. Ofisi nzima inajua umefika." Nikacheka peke yangu sebuleni. Ilikuwa mara ya kwanza siku nyingi.

Wiki tano. Kila Jumapili baada ya misa nilipita Katonga, nasimama palepale pembeni ya ua. "Bado, Mama." "Sawa, Mwalimu." Hakuuliza zaidi. Alikuwa amehamia nyumba ya nduguye juu ya mlima kidogo, uchanja mpya, dagaa wachache wa kuanzia upya.

Jibu lilikuja kwa simu kwanza, karatasi ikafuata na diski. Walipata mitihani yangu ya miaka sita, yote mizima, hata ule wa kidato cha pili wenye kosa swali la nne. Walipata picha za harusi za watu. Video walikuta jina lake tu na urefu wake, dakika kumi na moja; ndani hamna kitu. "Tulijaribu njia zote, mara tatu," alisema Mwinshehe. "Pole sana. Nilitaka sana hii ifanikiwe."

Nikaenda na karatasi. Mabukwe alikuwa ameketi kwenye mkeka kivulini mwa nyumba, anachambua dagaa. Hakusoma shule.

"Nisomee," akasema.

Nikasoma kwa Kiswahili, nikageuza kwa Kiha, mstari baada ya mstari. Palipoandikwa kwamba diski ilikaushwa kwa joto kali na hicho ndicho kilichoua sehemu ile, nikauruka mstari huo, nikarefusha ule wa juu yake, kwamba maji ya ziwa ni mabaya, yana chumvichumvi, hata wataalamu wanayaogopa. Nikasoma kwa sauti nzuri, ile ya ukumbini.

Akaacha kuchambua. "Mwalimu. Nionyeshe palipoandikwa jua."

"Mama, hapa hakuna..."

"Umesoma mistari tisa. Karatasi ina kumi. Nimehesabu."

Nikamsogezea. Nikaweka kidole kwenye ule mstari. Naye akaweka chake pembeni ya changu, kidole chenye magamba yasiyotoka hata kwa sabuni, akakipitisha juu ya mstari wote mpaka mwisho.

"Nilidhani naisaidia," akasema.

"Nilikuona, Mama. Ile siku ya pili. Nilijua jua ni baya, nikanyamaza. Nilisema asante."

Kuku mmoja alipita kati yetu, akadonoa, akaenda zake. Mabukwe akasogea. Akakusanya dagaa upande mmoja, akabaki na nusu ya mkeka mtupu, akaupiga kwa kiganja.

Nikakaa. Miaka kumi na minne ya ukwe, sikuwahi.

"Alikuwa anasema nini humo?"

"Mama, alikuwa anakutania. Siwezi."

"Sema."

Basi nikasema. Nikamweleza jinsi Verediana alivyosimama barazani na mwiko mkononi, akisimulia siku aliyoachwa alinde dagaa ufukweni, ana miaka saba, akaingia kwenye mtumbwi akalala, bata wakala uchanja mzima. Nikalazimika kusimama, kwa sababu hadithi ile haisimuliwi mtu akiwa amekaa. Nikaweka mkono kiunoni. Nikafanya ule mdomo. "'Verediana! Bata wamekula ada yako! Kesho watavaa sare waende darasani, wewe utabaki hapa utage mayai!'"

Uso wake haukusogea. Nikafikiri nimeharibu kila kitu, hata zile salamu.

"Hayo nilisema," akasema hatimaye. "Lakini yalikuwa ya mwisho. Kwanza nilimtafuta. Nilikimbia mpaka kwenye mawe, naita, nimeshajua ziwa limemchukua. Nilipomkuta kwenye mtumbwi nilimbeba, nikakaa naye kwenye mchanga mpaka jua likazama. Hilo alilisema?"

Karibu nimpe jibu tamu.

"Hapana, Mama. Hakulisema."

"Alikuwa usingizini," akasema. "Hakujua."

Akachukua dagaa mmoja, akamtoa mchanga, akamweka kwenye ungo.

"Simulia tena," akasema. "Na hilo uliongeze."