Pikapu ya Shemeji Jairo

Shemeji Jairo alitupokea uani kwake, mjini Mpemba, bila kumpa mume wangu mkono. Alikuwa amesikia kwamba tulitaka kuja na fundi.

"Fundi wa nini kwa ndugu?" alimwambia Lusubilo. "Unakuja kwa kaka yako na mpelelezi?"

Kwa ukoo wao ndivyo ilivyo. Kitu cha ndugu hakikaguliwi. Kinaombewa, unalipa, unashukuru. Kwa hiyo badala ya fundi alikuwepo Mzee Nikodemo, mzee wa kanisa, aliyeitwa na Jairo mwenyewe aliombee gari kabla halijatoka mikononi mwake. Gari lenyewe, pikapu ya zamani ya dizeli, lilikuwa limeoshwa mpaka matairi yanang'aa.

Tulilitaka la kubebea viazi na kabichi kutoka Mbozi hadi sokoni Tunduma. Tulikuwa tumeuza kipande cha mwisho cha shamba la kahawa alichoachiwa Lusubilo na baba yake. Gari likitufia, hatuna shamba, hatuna biashara, na mwanetu Tumpe, aliyekuwa amelala mgongoni kwangu, atakua akila kwa watu. Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu, si kiburi, ingawa ndivyo lilivyokuja kuitwa.

Jairo akasema gari halijawashwa tangu jana jioni, na kwamba likiguswa ufunguo tu linaitika. Mzee Nikodemo akavua kofia, akaweka kiganja juu ya boneti, akaanza kumshukuru Mungu. Hakufika mbali. Mkono ukaruka kama umegusa sufuria jikoni, kisha akaendelea kuomba akiwa ameuning'iniza hewani. Tukasema amina. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Kabla sijajifungua nilikuwa nauza uji kwenye gereji moja mjini, na mafundi wanaongea sana. Walilolirudia kuliko yote ni kwamba injini ya dizeli iliyochoka inadanganya ikiwa ya moto. Ikipoa ndipo utaijua, na ndiyo maana muuzaji mjanja huipasha kabla hujafika.

Nikaweka na mimi kiganja.

"Shemeji, hili limewashwa asubuhi hii."

"Ni jua hilo."

"Jua lipi?" Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, malori ya barabara kuu tuliyasikia tu.

Alinigeukia mwili mzima. Akasema shule ya jioni imenifundisha kusoma herufi na sasa nataka kuwasoma watu wazima. Akamuuliza Lusubilo ni nani mwanaume nyumbani kwake. Mume wangu akatazama chini. Nikasema taratibu kwamba tungesubiri lipoe.

Violet, mke wa Jairo, ndiyo kwanza alikuwa ametuletea chai na mihogo. Aliposikia hivyo akainama, akanyanyua sinia, akalirudisha jikoni. Hata kikombe cha mzee, alichokuwa amekifikisha nusu, kikaenda.

Tulisubiri tumekaa kwenye matofali. Tumpe akaamka, nikamnyonyesha. Jairo alikuwa akipita na kurudi akiongea na simu kwa sauti, akimweleza mtu kwamba kuna wanawake kazi yao ni kuvunja ukoo. Asubuhi yote ikaishia pale. Lusubilo alikuwa akienda kuigusa boneti, anarudi. Mwishowe akasimama.

"Kaka, washa sasa."

Injini ikakoroma, ikakata. Ikakoroma tena, muda mrefu. Ilipokubali, gari zima lilitetemeka, na moshi mweupe uliochanganyika na bluu ukajaa uani mpaka Violet akatoka mbio kuanua nguo. Tulingoja upungue, haukupungua. Nikafungua boneti, nikatoa kifuniko cha kujazia oili. Injini ikanihemea moshi usoni, pu, pu, pu, na matone ya oili yakarukia kanga yangu. Hapo ringi za pistoni zimekwisha; kuitengeneza ni kuifumua yote. Lusubilo akainama, akaona mwenyewe.

"Nitawapunguzia," Jairo akasema.

"Hatununui, kaka."

"Basi tokeni. Na msiba ukiwakuta msinipigie. Wewe na huyo fundi wako wa uji."

Mzee Nikodemo akavaa kofia yake, akabaki palepale.

Tulielekea barabarani. Lusubilo alitangulia kwa hatua ndefu, akatuacha nyuma mimi na mtoto, nikajua hasira yake bado inatafuta wa kumwangukia. Hatujapata hata bajaji, simu yake ikaita. Alikuwa mama yake. Habari zilikuwa zimeshafika. Hata mimi nilimsikia akiuliza kama ni kweli mkwe wake amemdhalilisha Jairo mbele ya mzee wa kanisa.

Lusubilo akasimama. Akanitazama, akamtazama Tumpe.

"Hapana, mama," akasema. "Ni mimi niliyelikataa gari."

Kisha akanyoosha mkono wa pili ampokee mtoto.