Mkono wa Bubu

Dada Mkubwa hakuwa na ubaya wowote na Bubu. Hivyo ndivyo alivyojiambia kila asubuhi akivua viatu mlangoni mwa duka la ushonaji. Ubaya wa nini? Yule maskini wa Mungu hasemi, hasikii, hana mbele wala nyuma. Kisha akifunua pazia akamwona ameinamia meza ya kukatia, chaki mkononi, basi! Roho inamuuma, na siku imeshaharibika kabla hata cherehani hazijafunuliwa.

Tuelewane kwanza kuhusu meza hiyo. Mle ndani cherehani zilikuwa nne, lakini meza ya kukatia ilikuwa moja. Anayeshona ni fundi kama mafundi wengine. Anayekata ndiye mwenyewe. Mkataji akikosea, hata ushone kwa nyuzi za dhahabu, nguo imekufa. Kwa miaka mingi mkataji alikuwa mwenye duka, ambaye wote walimwita Mama, lakini macho yalishaanza kumchoka na ilijulikana kwamba karibuni atamwachia mtu. Dada Mkubwa alikuwa akiisubiri nafasi hiyo kwa miaka tisa. Miaka tisa, jamani! Aliingia dukani humo mwezi ule ule mumewe alipomrudisha kwa kaka yake na begi moja. Tangu hapo aliishi chumba cha uani, na wifi yake alikuwa na tabia ya kuguna kila akimwona anachota maji. Mguno mfupi tu, mm, lakini ulijua kuchoma. Siku nikishika mkasi wa pale mezani, alijisemea, hata huyu ataukunja mguno wake aumeze.

Ndipo, katika mwaka wa saba, akaletwa Bubu. Alikuwa msichana mwembamba wa miaka ishirini na kitu, na shangazi yake aliyemleta akasema, "Huyu ni bubu, lakini mkono anao." Maneno sita tu, na lile la tatu likayameza mengine yote. Hakuna aliyeuliza jina. Hakuna aliyeuliza lingine lolote. Kuanzia dakika hiyo Mama alimpungia mikono kama anaegesha lori, na wengine wakawa wakimpigia kelele usoni kisha wakicheka. Siku pasi ilipoanguka sakafuni, pwaa, na Bubu akaruka kama wenzake, Mama Pasi, mpiga pasi wao, alieleza kitaalamu kabisa kwamba viziwi husikia kwa nyayo. Wote wakaitikia, ehee, kwa nyayo, na mambo yakaishia hapo.

Chai yake ilikuja mwisho, katika kikombe kisicho na mkono. Wateja wa maana wakiingia, alionyeshwa kwa kidole akae nyuma ya pazia, wasije wakadhani duka limeishiwa watu. Na kwa kuwa yupo ni kama hayupo, aliyetaka kumsengenya mwenzake alikwenda kusengenyea mezani kwake. Vifungo, yule binti wa kushona vifungo, alimteta Mama Pasi pale. Mama Pasi alimteta Mama pale. Bubu aliendelea kukata.

Na kukata alijua! Hilo ndilo lililomnyima Dada Mkubwa raha. Mama alimpa kwanza mito, kisha sare za shule, kisha magauni, na kila alichokigusa kilikaa mwilini bila kuvuta wala kupwaya. Wateja wakaanza kusema, "Nataka akate yule yule aliyekata la dada yangu." Yule yule! Miaka tisa hakuna aliyewahi kumwomba Dada Mkubwa kwa namna hiyo. Alimwonea gere hadi kwenye mambo ya kipuuzi. Alimwonea gere kwa vidole vyake virefu, kwa jinsi alivyokunja kitambaa bila kupima mara mbili, hata kwa kutosema kwake, maana asiyesema haombwi maelezo.

Mchana, wenzao wakitoka kwenda kula, alikuwa akimmwagia yote. Aliona hakuna dhambi, ni sawa na kuzungumza na kabati.

"Wewe mtoto, nakuonea wivu mpaka tumbo linanikata," alimwambia siku moja, huku akitabasamu ili uso usimtoe. "Mkono huo angepewa mtu mwenye ulimi wake. Wewe wa nini? Utajisifia kwa nani?"

Siku nyingine alimsimulia habari za mumewe, jinsi alivyomwambia "nimekuchoka" huku anatafuna, hata tonge hakumeza kwanza. Akasimulia na ya wifi na mguno wake. Hapo machozi yakamtoka. Bubu akainuka, akamletea chai, akarudi kwenye mkasi wake. Ah, ameona machozi tu, Dada Mkubwa akawaza, akanywa ile chai. Ukweli ni kwamba siku hiyo alikwenda nyumbani amepata nafuu. Wifi alipoguna, alijituliza: hata hivyo, mimi si Bubu. Kuna aliye chini yangu. Lilikuwa wazo tamu kweli, na alilirudia mara nyingi kuliko ambavyo angekubali kukiri.

Basi ikaja kazi ya gauni la bibi harusi. Mteja alikuwa wa watu wanaojulikana, kitambaa cha bei ya kutisha, hakuna cha ziada hata upana wa kiganja. Mama akawakusanya wote.

"Hili atakata Bubu," alisema. "Likisimama sawasawa siku ya kujaribisha, meza ni yake moja kwa moja. Mimi nastaafu mkasi."

"Mama, huyu?" Dada Mkubwa alisikia sauti yake ikipanda. "Bubu? Wateja wakimuuliza kitu?"

"Wateja watakuuliza wewe. Wewe unasema, yeye anakata. Kuna ubaya gani?"

Ubaya gani! Lakini alisema hakuna ubaya.

Vipimo vilichukuliwa chumba cha mbele, na Bubu, kama kawaida, yuko nyuma ya pazia. Mama alizungusha utepe na kutaja kwa sauti, Dada Mkubwa akaandika kwa penseli katika kitabu cha vipimo. Kifua. Mabega. Kisha Mama akasema, "Kiuno, themanini na sita," na Dada Mkubwa akaandika sitini na nane.

Hakupanga, au labda alikuwa amepanga tangu jana yake, mwenyewe hakujua. Alichojua ni kwamba penseli inafutika. Bubu akishakata, atafuta, aandike themanini na sita, na gauni litakapokataa kupanda mwilini, kitabu kitakuwa safi na kosa litakuwa la mtu mmoja. Maskini, amegeuza tarakimu, watasema. Tungetegemea nini kwa bubu? Alimpelekea kitabu mezani kwa mkono wake mwenyewe na kumwekea kidole kwenye mstari wa kiuno. Bubu aliutazama mstari ule, akamtazama yeye. Akamtazama kidogo zaidi ya kawaida. Kisha akachukua chaki.

Siku mbili baadaye kitambaa kilikuwa kimekatwa na kuunganishwa, na Dada Mkubwa akafuta na kuandika upya. Wiki nzima alikuwa mwema kupindukia. Alimletea Bubu chai yeye mwenyewe, tena katika kikombe chenye mkono.

Bibi harusi akaja kujaribisha, na mama yake, na mashangazi wawili wenye sura za kutafuta makosa. Akaingia nyuma ya kiambaza. Dada Mkubwa akasimama karibu, akisubiri kusikia zipu ikikwama. Zipu ilipanda, zzzp, mpaka juu. Msichana akatoka, na gauni limemkaa kama amezaliwa nalo. Shangazi mmoja akapiga kigelegele.

"Haiwezekani!" Dada Mkubwa alipayuka. "Si sitini na nane hiyo!"

Kigelegele kikakatika.

"Sitini na nane nini?" akauliza shangazi.

"Hesabu zetu za ndani, wala usijali," alisema Mama, akicheka na wageni lakini jicho lake liko kwingine. Aliwasindikiza hadi mlangoni, akawaaga kwa bashasha zote, akafunga mlango. Aliporudi alikuwa hacheki.

"Nileteeni kitabu."

Vifungo akakileta.

"Hapa pameandikwa themanini na sita," Mama alisema. "Sitini na nane umeitoa wapi?"

Macho ya Mama yalikuwa mabovu, ndiyo, lakini vidole vyake vilikuwa vizima. Akakipitisha kimoja juu ya karatasi taratibu, mahali palipokwaruzwa na kifutio. Akarudia tena. Kisha akamwita Bubu kwa kumpungia, akamwonyesha ule mstari, akanyanyua mabega kuuliza.

Bubu akachukua kipande cha bitana nyeusi ya ndani ya koti na kuandika kwa chaki: NILIKUSIKIA MAMA UKITAJA.

Mama alikisogeza karibu na pua, akasoma mara mbili.

"Ulinisikia?"

Bubu akaitikia kwa kichwa.

"Unasikia? Yaani masikio haya? Mbona shangazi yako alisema bubu?"

BUBU SI KIZIWI, aliandika Bubu. Akafuta, akaandika tena: HAMKUNIULIZA.

Weee! Laiti ungekuwepo. Vifungo aliziba mdomo kwa mikono miwili, kama maneno ya miaka miwili yangeweza kurudi ndani. Mama Pasi, bingwa wa nyayo, alizitazama nyayo zake mwenyewe. Kila mmoja alikuwa anahesabu kichwani: nilisema nini, siku gani, kuhusu nani. Dada Mkubwa hakuwa na haja ya kuhesabu. Alikuwa amesema yote.

Mama aliketi. "Meza ni ya huyu," alisema, "kuanzia leo. Na wewe," akamgeukia Dada Mkubwa, "nilitaka kukufukuza. Lakini nikikufukuza utakwenda wapi?"

Afadhali angemfukuza. Kubakizwa kazini kwa sababu huna pa kwenda! Vifungo na Mama Pasi wakajifanya wana shughuli uani, Mama akaenda kulala kidogo maana kichwa kilimgonga, na wakabaki wawili, kama kila mchana.

"Haya, cheka," Dada Mkubwa alisema. "Umepata unachotaka. Meza yako, wateja wako. Umenisikiliza nikijianika miaka miwili, ukanyamaza kimya. Cheka basi!"

Bubu hakucheka. Alikuwa ametandaza kitambaa kipya na kushika mkasi. Na hata katika aibu ile, Mungu amsamehe, Dada Mkubwa alikitazama kile kiganja kilivyoshika mkasi na akakionea wivu. Kisha likamjia wazo ambalo lingepaswa kumjia mapema zaidi.

"Wale walikuwa wakija kuteta hapa kwako. Walinisema na mimi?"

Bubu akatikisa kichwa, si kukataa hasa, ila kama mtu anayesema acha hayo.

"Nakuuliza. Wananiitaje nikiwa sipo? Andika."

Bubu alisita. Akaweka mkasi chini, akaivuta ile bitana. Aliandika polepole, herufi sita: KIPORO.

Chakula kilicholala. Kilichobaki kwenye sahani ya mtu mwingine. Dada Mkubwa alilisoma, akalisoma tena. Vifungo, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika sindano! Mama Pasi, ambaye mwanawe alipougua yeye ndiye aliyembeba mgongoni! "Dada Mkubwa, shikamoo", "Dada Mkubwa, kaa hapa", na mgongo ukigeuka, Kiporo. Na yeye alikuwa ametembea humu ndani akijihesabia kwamba yupo aliye chini yake.

Alitaka kulia, machozi hayakuja. Akauliza kwa sauti ndogo, na hakujua kwa nini jibu la swali hilo lilikuwa na uzito kuliko meza yenyewe:

"Na wewe? Moyoni mwako, wewe ulikuwa unaniitaje?"

Bubu akafuta lile neno mpaka bitana ikawa nyeusi kabisa. Akaandika: NILIKUWA NAKUITA FUNDI.

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Si mume, si kaka, si mteja hata mmoja. Machozi sasa yakaja yenyewe, akayaacha yashuke.

"Na sasa?" akauliza. "Sasa unaniitaje?"

Bubu akakunja kile kipande cha bitana, akatia chaki mfukoni, akachukua mkasi na kuendelea kukata.