Vichwa Vinne vya Tawakali

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, mwezi wa Novemba mwaka 1951, vichwa vinane vilikuwa juu ya maji kwenye mwamba wa Pande. Vinne vilikuwa vya Tawakali. Kazi yake ilikuwa kusimama mashuani na kuwatazama wazamiaji wa majongoo ya bahari, ajue kila aliyezama ameibuka. Vinne vingine vilikuwa vya mashua ya jirani, nayo ilikuwa na mtazamaji wake. Kimoja kati ya hivyo kilikuwa cha Mfaume, mdogo wake Tawakali wa tumbo moja, aliyehamia huko juzi baada ya kugombana na Maftaha, nahodha wa mashua ya Tawakali.

Vichwa vilichanganyikana, vyote vyeusi, vyote vikimeremeta.

"Shikamoo, kaka!" Mfaume aliita. "Mbona hunitazami, nimekuwa mbaya?"

"Marahaba. Zama huko, una mtazamaji wako."

Lakini jicho lilimfuata. Mara mbili hesabu ilimpotea, na mara ya pili Maftaha aligeuka kutoka kwenye usukani.

"Wee Tawakali! Wangapi wako chini?"

Tawakali alianza kuhesabu upya.

"Unawalinda watu wangu au unamlinda nduguyo? Mtoe machoni huyo. Mtazamaji mwenzio kule si kipofu."

Ndivyo walivyofanya kazi watazamaji wote wa mwamba ule: wako unawafuata, wa wenzako unawafanya povu. Tawakali alimfanya Mfaume povu. Haikuwa rahisi. Kichwa kile kilipokaribia vyake, alikisukuma nje ya macho kwa nguvu zaidi kuliko vile vitatu vingine vya jirani. Baada ya muda hakikumsumbua tena, na hesabu ikakaa sawa.

Saa nne na nusu watu wake wote wanne walikuwa wamepanda. Kule kwa jirani, mtazamaji aliyekuwa ameinama akichota maji yaliyoingia chomboni aliinuka, akahesabu watatu.

"Tawakali, Mfaume yuko kwenu?"

"Hayuko."

Likwata, mmoja wa wazamiaji wanne wa Tawakali, aliacha kujifuta.

"Si alinyoosha mkono pale mbele yako? Nilidhani anakutania."

Uso wa Tawakali ulikuwa umeelekea pale pale, umbali wa hatua kama kumi na tano. Hakukumbuka mkono. Hakukumbuka hata kichwa.

Walizama wote saba, na yeye wa nane.

Saa saba na robo, maji yalipokupwa, Likwata alimkuta Mfaume chini ya ukingo wa mwamba. Tawakali alimshika mabegani, wakampandisha kwenye mashua ya Maftaha.