Siku ya Chai ya Rangi

Usidanganywe: mabasi hayakuwa yakisimama kwa Birika kwa ajili ya utamu wa chai yake. Chai ilikuwa nzuri, hilo halina ubishi, lakini hata angechemsha maji ya kuoshea vikombe akayatia sukari, madereva wangesimama tu. Walisimama kwa sababu ya saa.

Mambo yalikuwa hivi. Kilomita tatu mbele ya mgahawa wake palikuwa na kituo cha polisi cha ukaguzi. Kila basi lililoondoka mjini saa kumi na mbili asubuhi lilibeba karatasi yenye muhuri wa saa ya kuondoka, na polisi walikuwa wameshapiga hesabu yao: dereva anayefuata mwendo uliowekwa, themanini kwa saa, hawezi kufika pale kabla ya saa sita mchana. Ukifika mapema, umekimbia, na leseni yako iko mashakani. Sasa madereva wetu, akili nyingi hao, wakafanyaje? Walikimbia vilevile, tena mbio za watu waliolaaniwa, wakafika kwa Birika saa tano na ushei, wakazima injini na kutangaza: "Mapumziko ya chai, abiria! Dakika hamsini!" Abiria wakashuka wakijinyoosha viuno na kuisifu kampuni kwa kuwajali. Dereva akalaza kiti, akakoroma. Ikikaribia saa sita, honi, watu ndani, na kituoni wakaingia taratibu kama bwana harusi. Karatasi safi, muhuri, safari njema.

Kujali! Mtu amekukimbiza roho mkononi asubuhi nzima ili yeye apate kusinzia, na wewe unamshukuru.

Birika aliyajua yote hayo. Jina lenyewe alipewa na makondakta, kwa kuwa hawakuwahi kumwona mkono mtupu. Saa kubwa ya ukutani, ile waliyoitazama madereva wote kabla ya kupiga honi, ililetwa na kaka yake mkubwa, Mshale, ambaye naye alikuwa dereva, tena wa kwanza wao kwa mbio. Nyuma ya basi lake paliandikwa kwa rangi nyekundu HARAKA HARAKA HAINA BARAKA, na sidhani kama kuna gari lililowahi kuwa karibu nalo vya kutosha kuyasoma maneno hayo barabarani. Mshale ndiye aliyeujenga mgahawa ule, tofali kwa tofali, siku zake za mapumziko, Birika alipoachwa na mumewe. Ndiye aliyewaambia madereva wenzake, "Simameni kwa mdogo wangu." Birika alikula kwa mkono wa kaka yake, na hakuhitaji mtu wa kumkumbusha.

Basi Jumanne moja maziwa hayakuja.

Muuza maziwa alikuwa mtu wa kuaminika. Kila siku saa tano kasorobo ungemsikia na kengele ya baiskeli, madebe mawili nyuma, salamu nyingi, umbea kidogo, kwaheri. Siku hiyo saa tano ikapita, kimya. Saa tano na dakika kumi likaingia basi la Mshale, na Birika akamimina alichokuwa nacho.

"Leo chai ya rangi?" Mshale alikunja uso. "Maziwa yako wapi?"

"Muulize muuza maziwa. Hajatokea."

Mshale alikunywa akiwa amesimama, na siku hiyo hakulala.

Habari zilifika saa nane. Muuza maziwa kaokotwa mtaroni, kilomita mbili nyuma, mguu umevunjika mara mbili, baiskeli imejikunja, maziwa yote yamenywewa na majani. Alisema siku hiyo alichelewa kukamua, na njiani akasikia honi mgongoni, kisha upepo wa gari kubwa ukamsukuma nje ya lami. Polisi wakatazama karatasi zao. Mabasi yote ya asubuhi yalipita kituoni saa sita na baada ya hapo, kwa hiyo saa tano basi lisingeweza kuwa huku. Wakamwambia umesinzia, mzee, mtu anayeamka alfajiri kukamua ng'ombe si ajabu akasinzia.

Na Birika? Birika alijiambia: hakumwona. Angemwona angesimama, namjua kaka yangu. Ulikuwa upepo tu. Alijiambia hivyo asubuhi na jioni, akawa ananunua maziwa kwa mtu mwingine, na maisha yakaendelea.

Miezi mitatu baadaye muuza maziwa akaingia mgahawani kwa magongo mawili. Alikuwa amekonda mpaka kola ya shati ilimpwaya. Akaketi kwa taabu, akaagiza chai, akangoja wateja wengine watoke.

"Dada," akasema, "siku ile nilipoanguka, kuna basi lolote lilisimama hapa mapema?"

Birika alikuwa anafuta meza. Akaendelea kufuta palepale palipokwisha kung'aa. "Sikumbuki, kaka. Mabasi ni mengi."

"Sawa, dada." Alimaliza chai yake, akashukuru, akayavuta magongo. Mlangoni akageuka. "Nilikuwa nauliza tu. Unajua, hata mke wangu siku hizi anasema nilisinzia. Naanza kuamini."

Akaenda zake, tak, tak, tak, kwenye changarawe.

Sikumbuki! Mwanamke anayejua kila kondakta anakunywa sukari vijiko vingapi! Mwanamke anayekumbuka deni la kikombe kimoja la mwaka juzi! Birika alisimama na kitambaa mkononi, aibu ikampanda mpaka masikioni. Kuvunjika mguu kulikuwa kazi ya gari. Lakini huku kumfanya mtu mzima ashuku akili yake mwenyewe, hii ilikuwa kazi yake yeye, na ameifanya kwa mdomo wake, mchana kweupe, huku anafuta meza.

Kesho yake aliuchukua ubao mweusi aliokuwa akiandikia bei, akazifuta bei zote, akautundika mlangoni, pale ambapo hata mwenye makengeza angeuona. Basi la kwanza liliposimama, akainua macho kwenye saa, akaandika kwa chaki: LIMEFIKA SAA TANO NA DAKIKA KUMI NA TATU. MWENDO HALALI NI SAA SITA.

Dereva wake akaja mbio. "Birika, umechanganyikiwa?"

"Ubao wangu, chaki yangu. Chai utakunywa?"

Hakunywa. Wa pili naye hakunywa, wa tatu akatukana. Siku mbili wakajaribu kwenda kujificha nyuma kidogo, penye kichaka, lakini kichakani hakuna chai wala choo, na abiria wakaanza kuuliza maswali ambayo kondakta hawezi kuyajibu. Mgahawa ukabaki na nzi. Alhamisi wifi yake, mke wa Mshale, akapiga simu akilia.

"Wifi, watu wanasema umelogwa. Unatutia mchanga kwenye kitumbua chetu! Likizo ya kaka yako imekwisha, anarudi kazini kesho. Usimwandike, wifi. Waandike wote, lakini yeye usimwandike."

"Wifi yangu," Birika akasema, "nikimwacha yeye, ubao huu wote ni uongo."

Ijumaa Mshale akaingia, vumbi likimfuata. Saa tano na dakika nane. Birika akaibana chaki ubaoni mpaka ikakatika vipande viwili. Akaokota kipande kirefu akaandika.

Abiria walishuka, wakasimama mbele ya ubao. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliusoma mara mbili, akaitazama saa, akalitazama basi. "Kwa hiyo tumekimbizwa asubuhi nzima ili tuje kukaa hapa?"

Mshale akapenya katikati yao akaufuta ubao kwa kiganja. Birika akaandika tena. Akafuta kwa mkono wa shati, shati jeusi likawa jeupe. Birika akaandika mara ya tatu.

"Nani alikujengea mgahawa huu?" Mshale akauliza, sauti ya chini.

"Wewe, kaka."

"Na saa hiyo alikuletea nani?"

"Wewe. Na haijawahi kudanganya tangu uitundike. Tunaodanganya ni mimi na wewe."

"Usinivunjie heshima mbele ya abiria wangu. Futa hayo madude, tunywe chai, mengine tutazungumza nyumbani."

"Chai gani, kaka? Ya maziwa, au ya rangi kama Jumanne ile?"

"Sikumgusa!"

Neno likamtoka kabla hajalishika. Birika alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa matusi, hata kwa kofi, lakini hili hakujiandaa nalo.

"Nani kasema kuna mtu aliguswa?" akauliza.

Mshale akaangalia chini.

"Ulimwona."

"Kwenye kioo," Mshale akasema. "Nilimwona kwenye kioo akiingia mtaroni. Ningesimama ningesema nini, mdogo wangu? Saa tano, nipo hapa nafanya nini? Leseni ingekwenda, kazi ingekwenda. Watoto wangu ungewalisha wewe?"

"Miezi mitatu nakutetea moyoni," Birika akasema, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Miezi mitatu nasema hakumwona, kaka yangu hakumwona. Kumbe ulimwacha mtaroni, ukaja hapa ukaketi, ukaniuliza mimi maziwa yako wapi!"

"Yaliyopita si ndwele, dada'angu. Tugange yajayo."

"Kamwambie mwenye mguu."

Akageuka, akaingia ndani. Akazima jiko. Akapanda juu ya benchi akaishusha saa ukutani, akaikumbatia kama anavyobebwa mtoto mwenye homa, akatoka na kupanda basi la kaka yake. Kiti cha mbele kabisa, nyuma ya dereva, akakaa.

Kondakta akachungulia. "Mama, wapi?"

"Kituoni. Leo mimi abiria."

"Bado mapema. Tunangoja saa sita."

"Mimi singoji."

Mshale akaja mlangoni. "Shuka."

"Sishuki. Zima, washa, piga kelele, sishuki. Ukitaka nitakwenda kwa miguu, kilomita tatu si kitu, na utanikuta nimeshamaliza kusema. Lakini ningependa tufike pamoja."

Mama mwenye mtoto akapanda, akaketi pembeni ya Birika. Akafuata mzee mmoja mwenye kofia, akafuata mwingine, mpaka basi likajaa. Hakuna aliyetaka tena mapumziko ya chai. Mshale alibaki nje peke yake juani, mikono kiunoni, akiutazama mgahawa aliouinua kwa mikono yake mwenyewe. Akakaa hivyo muda ambao mtu angemaliza kikombe. Kisha akapanda, akashika usukani, akawasha.

Safari ile ya kilomita tatu aliiendesha kwa mwendo ambao hajawahi kuuendesha maishani. Waendesha baiskeli waliwapita. Hakuna aliyecheka. Mara moja alimtazama dada yake kwenye kioo, kioo kilekile, na Birika hakuyakwepa macho yake.

Waliingia kituoni saa tano na dakika thelathini na tano. Askari mwenye daftari alilitazama basi, akaitazama karatasi, akaitazama tena, kwa kuwa miaka yote ya kazi hajawahi kuona basi linaleta kosa lake lenyewe mlangoni.

Birika akashuka, akaiweka saa mezani mbele yake. Akaeleza yote: mabasi, mapumziko, Jumanne ile. Askari aliandika, akaacha kuandika, akakuna shingo.

"Huyu dereva ni nani wako?"

"Kaka yangu. Tumenyonya ziwa moja."

"Mama, fikiri vizuri. Ndugu yako huyu. Na mambo yenyewe ya miezi mitatu iliyopita. Karatasi yake ya siku hiyo ina muhuri wa saa sita. Nani atakumbuka basi lilifika saa ngapi?"

Nyuma yake Mshale alikuwa amesimama na abiria wote. Birika alimsikia akivuta pumzi.

"Mimi nakumbuka, afande," akasema. "Saa tano na dakika kumi. Chai nilimmiminia mwenyewe, na haikuwa na maziwa."